Mwandishi: Albamu ya Jazi na Heshima ya Kiswahili

Tarehe 31 Desemba 1970, wakati watu wengine wakijiandaa kuupokea mwaka mpya, kundi la wanamuziki lililoongozwa na mpiga piano Herbie Hancock liliingia studio mjini San Francisco, Marekani, likarekodi vipande vitatu vya muziki. Mwaka 1971 kampuni ya Warner Bros. ilivitoa katika santuri moja. Jina la santuri hiyo halikuwa la Kiingereza. Iliitwa Mwandishi.

Hancock alizaliwa Chicago mwaka 1940. Hakuwa amelelewa katika Kiswahili, na kwa kadiri historia ya biashara ya utumwa inavyotueleza, sehemu kubwa mno ya Waafrika waliopelekwa Marekani kwa nguvu walitoka magharibi na kati-magharibi ya bara letu, mbali na pwani ya Waswahili. Kwa nini basi mwanamuziki wa namna hiyo, akitaka kujipa jina la Kiafrika, alichukua neno ambalo mababu zake yamkini hawakulitamka kamwe? Na kwa nini alilichukua wakati ule, wala si miaka 30 kabla au baada yake?

Katika makala haya ninajenga hoja moja. Kiswahili hakikufika katika santuri ile kwa sababu ya uzuri wa ngeli zake, wala kwa sababu serikali yoyote ilikipigia debe. Kilifika kwa sababu ya mambo yaliyokuwa yakitendwa kwa jina lake. Tunaoishi na lugha hii leo tunapaswa kuikumbuka sababu hiyo, kwa kuwa heshima iliyopatikana kwa matendo hupotea pia kwa matendo.

Tuanze na kusikiliza kwenyewe. Muziki huu si mwepesi. Msikilizaji aliyelelewa na dansi la Tabora Jazz au NUTA Jazz, ambako gitaa humwelekeza mguu na mwimbaji humsimulia kisa, hapa hatapata mwimbaji wa kisa wala kiitikio. Kipande cha kwanza kinaitwa Ostinato, neno la Kiitaliano lenye maana ya ukaidi, ambalo wanamuziki hulitumia kwa mfuatano wa sauti unaorudiwa tena na tena. Mfuatano huo hapa una mapigo 15 kwa kila mzunguko. Mguu uliozoea mapigo manne manne huanza vizuri, kisha hupotea: pigo la 16 linalotarajiwa halipo, na mzunguko mpya umekwisha kuanza. Juu ya msingi huo piano ya umeme inapitishwa katika mashine ya mwangwi, tarumbeta inaita, klarineti ya besi inanguruma chini kabisa, na wapiga ngoma wawili wanasukumana pasipo mmoja kumfunika mwenzake.

Kipande cha pili, You'll Know When You Get There, yaani utajua utakapofika, kinapunguza mwendo hadi ukimya wenyewe unakuwa sehemu ya muziki. Cha tatu, Wandering Spirit Song, wimbo wa roho inayotangatanga, kilitungwa na mpiga tromboni Julian Priester, nacho kinachukua upande mzima wa pili wa santuri, zaidi ya dakika 20. Kinaanza kwa utulivu, kinapanda hadi kila chombo kinasema lake, halafu kinarejea. Mtu akikisikiliza mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba ni fujo. Mara ya tatu au ya nne anatambua kwamba hakuna anayepiga bila kumsikiliza mwenzake, na kwamba kiongozi wa bendi mara nyingi ananyamaza ili wengine waamue njia. Aliyejiita Mwandishi alikuwa ameiweka karatasi kando. Bendi nzima ilikuwa ikitunga papo hapo.

Kipande cha kwanza kina nyongeza katika jina lake: kimetungwa kwa ajili ya Angela. Huyo ni Angela Davis, mhadhiri wa falsafa aliyeondolewa kazini katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa sababu ya uanachama wake katika chama cha kikomunisti. Baadaye alisakwa na polisi wa shirikisho kwa sababu bunduki zilizosajiliwa kwa jina lake zilitumika katika shambulio la mahakamani la Agosti 1970. Alikamatwa mjini New York tarehe 13 Oktoba mwaka huo. Muziki huu uliporekodiwa alikuwa mahabusu, akikabiliwa na mashtaka ambayo yangeweza kumfikisha kwenye adhabu ya kifo. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru Juni 1972. Kwa hiyo ukaidi wa mapigo yale 15 si mchezo wa hesabu. Ulitolewa zawadi kwa mtu aliyekuwa gerezani, katika nchi ambayo kumtaja kwa heshima kulikuwa na gharama.

Sasa tuyatazame majina. Si Hancock peke yake aliyebadili jina. Mpiga besi Buster Williams aliitwa Mchezaji. Mpiga ngoma Billy Hart aliitwa Jabali. Eddie Henderson, mpiga tarumbeta ambaye pia alikuwa daktari aliyehitimu, aliitwa Mganga. Bennie Maupin aliitwa Mwile, neno linaloelekea kwenye mwili. Priester aliitwa Pepo Mtoto. Aliyewaletea desturi hii alikuwa kijana wa Philadelphia aliyejulikana kama James Mtume. Mtume alikuwa mwanachama wa jumuiya iitwayo US, iliyoanzishwa na Maulana Karenga mjini Los Angeles baada ya machafuko ya Watts ya Agosti 1965. Ndiyo jumuiya iliyoanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, pamoja na nguzo zake saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Desemba 1969 Mtume na Hancock walishiriki katika albamu ya mpiga ngoma Albert Heath iliyoitwa Kawaida, yenye vipande vilivyopewa majina kama Baraka, Dunia na Kamili.

Msemaji wa Kiswahili anayasoma majina haya na kutabasamu. Kwetu kawaida ni jambo lisilostahili hata kutajwa, ilhali wao walilifanya jina la falsafa nzima. Mchezaji kwetu ni mtu wa mpira au wa ngoma. Anayeshika chombo tunamwita mpigaji. Anayebuni muziki tunamwita mtunzi, na mwandishi tunamwachia gazeti na vitabu. Ni dhahiri kwamba maneno haya yalichukuliwa katika kamusi, nayo kamusi humpa mtu neno bila kumpa mtaa wake.

Hata hivyo, kabla hatujacheka, tukumbuke kwamba nasi tulifanya vivyo hivyo. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz: bendi hizi zilichukua neno la Wamarekani weusi na kulipachika kwenye muziki wa dansi ambao mtu wa New Orleans asingeuita jazi hata kidogo. Hatukuwa tumekosea. Tulilichukua neno kwa sababu lilikuwa na harufu ya usasa, ya mjini, ya watu weusi wanaojimudu jukwaani. Nao walilichukua neno letu kwa sababu nalo lilikuwa na harufu fulani. Kazi ya mwanahistoria ni kuuliza harufu hiyo ilitoka wapi.

Haikutoka katika asili ya lugha. Kiswahili hakikuzaliwa lugha ya ukombozi. Katika karne ya 19 kilisafiri bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kutoka pwani hadi Ujiji na kuvuka ziwa kuingia Kongo. Mjerumani alipotwaa Tanganyika alikifanya lugha ya utawala: akida aliamrisha kwa Kiswahili, kodi ilidaiwa kwa Kiswahili, na watu walihimizwa kulima pamba ya shuruti kwa Kiswahili. Wakosoaji wa Kimarekani waliowauliza vijana wa miaka ya 1960 kwa nini wanajifunza lugha ya wafanyabiashara ya watumwa hawakuwa wakisema uongo. Walikuwa wakisema nusu ya historia.

Nusu ya pili ni hii. Mwaka 1905 wapiganaji waliotoka katika jamii nyingi za kusini mwa Tanganyika waliungana dhidi ya Mjerumani, na neno lililowaunganisha, maji, lilikuwa la Kiswahili. Tarehe 7 Julai 1954 ilizaliwa TANU, chama kilichoweza kuhutubia karibu kila wilaya kwa lugha moja. Baada ya uhuru wa 1961, nchi hiyo iliruhusu mji wake mkuu uwe makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa mwaka 1963. FRELIMO ilikuwa imekwisha kuasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962. Malcolm X alifika katika mji huo Oktoba 1964. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya suala la Rhodesia, ikijua kwamba mkopo wa pauni milioni 7.5 ungekwama. Azimio la Arusha lilifuata Februari 1967.

Hebu fikiria kijana mweusi wa Los Angeles au Philadelphia akizisoma habari hizo gazetini. Hajui ngeli hata moja. Anachokijua ni kwamba ipo nchi maskini barani Afrika iliyokubali kupoteza mamilioni kwa ajili ya uhuru wa jirani yake, inayowapa hifadhi wapigania uhuru, na inayozungumza mambo yake kwa lugha isiyo ya mkoloni wala ya kabila moja. Hakuihitaji lugha ya babu yake mahususi, ambayo utumwa ulikwisha kuifuta. Alihitaji lugha ambayo mtu yeyote angeweza kuingia kwa hiari. Kujichagulia, nguzo ya pili ya Kwanzaa, ndilo jambo lenyewe alilolifanya.

Miongoni mwa majina ya santuri hii limo moja ambalo msikilizaji wa Tanzania hawezi kulipita. Katika Ostinato, mpiga ngoma wa pili ni kijana wa miaka 18 aitwaye Leon Chancler. Jina lake la Kiswahili lilikuwa Ndugu. Katika miaka hiyo hiyo, ndugu lilikuwa neno la kuitana katika ofisi za umma nchini Tanzania: ndugu waziri, ndugu karani, ndugu mfagiaji. Pande zote mbili za bahari neno moja lilibeba dai moja, kwamba baina ya watu walio sawa hapana bwana.

Lakini historia isiyo na kivuli ni hotuba ya sherehe. Jumuiya ile ile iliyofundisha umoja iligombana vikali na chama cha Black Panther, ugomvi ambao shirika la upelelezi la FBI liliuchochea kwa makusudi. Januari 1969, katika chuo kile kile ambacho Angela Davis angeajiriwa baadaye mwaka huo, wanachama wawili wa Panther, Bunchy Carter na John Huggins, waliuawa kwa risasi katika mapambano na watu wa US. Majina ya Kiswahili hayakuzuia damu.

Na kwetu? Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini lingekuwa jambo la lazima kufikia mwisho wa mwaka 1976. Ujamaa, ambao maandiko yake mwenyewe yalisema hauwezi kulazimishwa, ukaletwa kwa malori na amri, na mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Ofisa aliyesimamia kazi hiyo aliwaita wanakijiji ndugu. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya atafakari jambo hilo kwa muda kidogo. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni tendo lililokuwa nyuma yake, na tangu hapo watu wengi wa vijijini walilisikia neno hilo kwa sikio jingine.

Juni 1974 pande hizi mbili zilikutana ana kwa ana. Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu, na ujumbe mkubwa wa Wamarekani weusi ulihudhuria, wengine wakiwa na majina ya Kiswahili waliyojichagulia. Walikuta ukumbi uliotawaliwa na ujumbe wa serikali. Vyama vya upinzani vya visiwa vya Karibi vilikuwa vimezuiwa kushiriki kwa matakwa ya serikali za huko, na C. L. R. James, mzee aliyekuwa miongoni mwa walioupigania mkutano huo tangu mwanzo, alikataa kuhudhuria kwa sababu hiyo. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha hapo chuoni, aliandika kuwatahadharisha watu dhidi ya umajumui unaogeuzwa kuwa chombo cha watawala. Wageni waliojifunza umoja kutoka kwenye kamusi walijifunza Dar es Salaam kwamba neno hilo lina ofisi, mhuri na mlango unaoweza kufungwa.

Bendi ya Mwandishi ilikuwa imekwisha kuvunjika wakati huo. Ilitoa albamu nyingine mbili, Crossings mwaka 1972 na Sextant mwaka 1973, kila moja ikienda mbali zaidi katika sauti za umeme na majaribio. Wasikilizaji walikuwa wachache na gharama za kusafiri zilikuwa kubwa. Mwaka 1973 Hancock aliivunja, akatengeneza muziki wenye mdundo wa kuchezeka katika Head Hunters, na albamu hiyo ikauzwa kwa wingi ambao Mwandishi haikuuota. Simlaumu. Msanii naye ana tumbo. Lakini tunajifunza hapa kwamba jaribio la kuishi bila bwana, liwe la bendi ya watu sita au la taifa zima, linahitaji zaidi ya nia njema. Linahitaji namna ya kujilisha.

Nimeyaeleza haya kwa sababu leo Kiswahili kinaonekana kuwa kwenye kilele chake. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake mwaka 2021. Umoja wa Afrika ulikifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022. Nchini Tanzania sheria ya mwaka 2021 ilikifanya lugha ya mahakama. Ni hatua njema, na wote waliozipigania wanastahili shukrani. Lakini wanafunzi wetu wa sekondari wanaendelea kufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na kila Julai tunasikia hotuba zinazoitangaza lugha hii kama bidhaa ya kusafirisha nje: walimu kiasi gani wapelekwe, wakalimani kiasi gani waajiriwe, soko liko wapi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 1970 hakuna ofisi yoyote ya Tanzania iliyomwomba Hancock aipe albamu yake jina la Kiswahili. Hakukuwa na kamati, bajeti wala banda la maonyesho. Palikuwa na serikali iliyovunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya watu wa Rhodesia, na habari hiyo ikatembea yenyewe. Swali la kuwauliza viongozi wa lugha leo, basi, si wasemaji milioni ngapi tunao. Ni hili: kijana wa mbali, ambaye hana nasaba nasi wala maslahi ya biashara, akisoma leo habari za nchi zinazosema Kiswahili, jinsi zinavyowatendea wakulima, wakimbizi, waandishi wa habari na wapinzani wao, je, atakuta jambo la kumfanya atamani kujiita kwa neno letu?

Nawashauri wanafunzi waitafute santuri hii na kuisikiliza kwa utulivu, angalau mara tatu. Wasitafute ndani yake Afrika ya picha za utalii, kwa kuwa haimo. Wahesabu mapigo 15 ya Ostinato hadi wayapate, kisha wawasikilize wapiga ngoma wale wawili.

Mmoja wao, yule kijana wa miaka 18, aliendelea na kazi kwa karibu nusu karne. Ndiye aliyepiga ngoma katika Billie Jean ya Michael Jackson, mapigo ambayo kila kona ya Afrika Mashariki inayafahamu bila kujua nani aliyapiga. Alifariki Februari 2018, na hadi mwisho alijulikana kama Ndugu Chancler. Kwetu, ukiacha mikutano ya chama na barua za kiofisi, neno hilo limeachwa, na mahali pake amekaa mheshimiwa.